Usivae Usichoweza Kukisoma

Wanangu, nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu wengi wenu mmekulia Kakuma, Nairobi na Kampala, na Kiarabu chetu cha Juba bado kinawapiga chenga. Kiswahili mimi nilikipata katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nilikofika mwaka 1992 nimevimba miguu.

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka soko la Konyo Konyo na bangili mpya. Nikamshika mkono nikausogeza karibu na macho yangu. Palining'inia msalaba, samaki, nanga, na kijicho cha kioo cha buluu. Nikamwuliza, "Hivi vina maana gani?" Akanijibu, "Ni urembo tu, babu."

Si urembo tu. Ni maneno, na ninyi mnatembea nayo mjini bila kujua mnasema nini. Samaki ni ungamo la imani. Wakristo wa kwanza waliokota herufi za mwanzo za maneno ya Kigiriki yenye maana ya Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Ukiziunganisha unapata neno la Kigiriki la samaki. Nanga imechorwa katika makaburi ya chini ya ardhi kule Roma, kwa kuwa Waraka kwa Waebrania unalifananisha tumaini na nanga. Hata rozari ambayo vijana wa bodaboda wanaivaa kama mkufu ina punje 59 ili vidole vihesabu sala. Shingoni haihesabiki.

Kijicho cha buluu nacho ni kinga dhidi ya husuda, watu wa Uturuki na Ugiriki wanakivaa tangu zamani. Anayekifunga pamoja na msalaba anamwambia Mungu "nakutegemea", kisha anajiwekea mlinzi wa akiba.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo, kwamba msalaba utageuka hirizi. Wengi wetu watu wa Bor, katika miaka ya vita vya Sudan, tuliviteketeza vifaa vya mizimu tulivyoachiwa na mababu. Havikutukinga Bor iliposhambuliwa mwaka 1991. Tukashika misalaba, ya mpingo na ya vyuma vya vita vyenyewe, tukaiinua juu tukiimba njiani. Hatukuishika ili risasi zitukwepe, maana tuliwazika wengi waliokuwa nayo mikononi. Tuliishika kwa sababu aliyetundikwa juu yake aliyajua mateso yetu.

Msalaba wangu ninao hadi leo. Alinitengenezea jirani yangu kambini. Alichukua ganda la risasi ya Kalashnikov, akalipasua kwa tindo, akaligongagonga juu ya jiwe mpaka likawa bapa, akakata mikono miwili. Chini alikiacha kitako cha ganda kama kilivyo. Ukiusogeza kwenye mwanga utaona tarakimu za kiwandani, na katikati kishimo kidogo pale bunduki ilipogonga. Maana yake risasi ile ilitoka. Ilikwenda mahali. Kila niuvaapo kidole gumba changu kinakitafuta kishimo kile chenyewe.

Sasa niwaambie lililo gumu. Desemba 2013, mapigano yalipozuka hapa hapa Juba, niliwaona vijana wenye bunduki, misalaba ikiwaning'inia juu ya mikanda ya risasi. Na waliokuwa wakikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kuokoa roho zao, wengi wao walivaa msalaba uleule. Mwindaji na mwindwa, mkufu mmoja. Tarehe 5 Februari 2023 Papa Fransisko alisimama mbele yetu kwenye kaburi la John Garang, kiongozi wetu wa vita vya ukombozi, akatuomba tuweke chini silaha za chuki na kisasi. Nilitazama vifua vilivyonizunguka siku ile. Misalaba ilikuwa mingi kuliko ninavyoweza kusema.

Kwa hiyo sikatazi dhahabu, wala sisemi uzuri ni dhambi. Bibi zenu walivaa shanga, na kila rangi ilikuwa na habari yake. Hakuna aliyejifunga ilimradi tu. Ninachowaomba ni hiki: kabla hujalipa, mwulize muuzaji, na asipojua mwulize katekista au mchungaji wako. Ukishajua, jiulize kama unaweza kusimama mbele ya mtu wa kabila jingine na neno lile kifuani, mkatazamana.

Mjukuu wangu alikifungua kijicho kwa koleo jioni ileile, bila kulazimishwa. Kisha akanitazama shingoni akauliza, "Na wako, babu, uko wapi?"

Nikamwonyesha juu ya rafu, kando ya taa. Nimeuvua tangu Jumapili. Mimi na jirani yetu tumetupiana maneno kuhusu ua unaotutenganisha, na yangu yalikuwa mabaya kuliko yake. Kesho asubuhi nitakwenda kubisha mlangoni pake, na mjukuu wangu ameniomba tufuatane.