Funzo la Nyiragongo kwa Watu wa Lumemo

Hapa Ifakara mto unaoogopwa ni Kilombero. Ndio mkubwa, ndio wenye mamba na viboko, ndio uliozamisha kivuko mwaka 2016 kabla daraja halijakamilika. Lakini kuna habari ya milima miwili ya Kongo ambayo ingefaa itufumbue macho.

Karibu na mji wa Goma kuna volkano mbili jirani, Nyamuragira na Nyiragongo. Nyamuragira ndiyo yenye vurugu: tangu mwishoni mwa karne ya 19 imelipuka zaidi ya mara 40. Hata hivyo, lava yake aghalabu huishia porini, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Nyiragongo hulipuka mara chache, na hiyo ndiyo inayoua.

Sababu ni umbile lake. Miteremko yake ni mikali, mji uko chini yake, na kileleni kwa miaka mingi limekuwepo ziwa la lava nyepesi, inayotiririka kama mafuta ya kula. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Mteremkoni lava ilifikia mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Nani angeikimbia? Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wakavuka mpaka hadi Gisenyi. Baadaye walirudi, wakachonga mawe katika lava ileile nyeusi na kujenga juu yake. Siwalaumu, riziki yao ilikuwa pale. Ila Jumamosi jioni, 22 Mei 2021, mlima ulipopasuka tena bila tahadhari rasmi, kituo cha kuuchunguza kilikuwa kimetoka kwenye ukata mkubwa, kimekaa miezi bila hata intaneti. Watu wapatao 30 walikufa.

Sasa tuutazame mto wetu mwingine, Lumemo. Kilombero hupanda polepole wakati wa masika. Mkulima wa mpunga anauona ukija, anashuka kwenye dungu, anahamisha vyombo na watoto. Lumemo unatoka Milima ya Udzungwa, safari yake ni fupi, na unapita mjini kwetu. Mvua ikipiga milimani usiku, maji yanaweza kutukuta kitandani. Kiangazi ukipungua tunausahau, na mtu anapimiwa kiwanja ukingoni kabisa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wenyeviti wa mitaa, nawaomba: akija mtu na karatasi ya mauziano ya kiwanja kilicho ndani ya mita hizo, msigonge muhuri.