Je, Heshima ya Kulazimishwa ni Heshima?

Vijana wetu wengi wamevutwa na nyimbo na michezo ya televisheni ya Korea, hata wengine wameanza kujifunza lugha yake. Wapo wazee wanaonung'unika kwamba huko ni kupoteza wakati. Mimi nami nimeanza, pamoja na mvi zangu, na ningali darasa la kwanza. Lakini lugha hiyo imenipa swali ambalo halinitoki.

Kuandika hakusumbui sana. Herufi zao, ziitwazo Hangul, leo ni 24 tu. Mfalme Sejong alizitunga mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, ili watu wa kawaida, wasioweza kujifunza maelfu ya herufi za Kichina, nao wapate kuandika haja zao. Wataalamu wake wengine walimpinga, na kwa karne nyingi wenye elimu walizidharau. Hata hivyo ni kwa herufi hizo zilizodharauliwa kwamba mmisionari John Ross na wenzake Wakorea walitoa Injili ya Luka mwaka 1882, na Agano Jipya zima mwaka 1887.

Basi herufi hazijui mkubwa wala mdogo. Kitenzi kinajua. Huwezi kumwuliza mtu kama amekula mpaka uwe umeamua yeye ni nani kwako. Kwa rafiki wa rika lako chakula ni bap. Kwa babu ni jinji, na kitenzi cha kula nacho hubadilika. Hata neno "mimi" ni mawili: na, ukiwa na walio sawa nawe, na jeo, unapojishusha. Ndiyo maana Wakorea wakikutana huulizana umri mapema, kwani tofauti ya mwaka mmoja yaweza kubadili jinsi ya kuitana. Na neno "wewe" halifai kabisa kwa mzee. Katika tafsiri yao ya zamani ya Sala ya Bwana, baada ya "Baba yetu" huja "jina litukuzwe", bila "lako".

Mswahili hapa atatabasamu. Sisi nasi hatumwiti mzee kwa jina tupu, na shikamoo hutangulia. Lakini ukishaamkia unaendelea na maneno yale yale unayomwambia mwenzako: umelalaje, umekula? Kikorea hakikupi nafasi hiyo. Shikamoo yake hurudiwa katika kila sentensi.

Sasa, heshima niliyolazimishwa na sarufi ina thamani gani? Mtu aweza kumchukia mkubwa wake wa kazi huku kila kitenzi chake kinamwinamia. Wengine watasema huo ni unafiki mtupu. Mimi sikubali upesi hivyo. Mtoto husema asante mara mia kwa kuamriwa na mama yake, kabla ya siku ile anapoisema kwa moyo. Tena ni jambo jema lugha ikikulazimisha kumtazama mtu kabla hujafungua kinywa.

Kinachonisumbua si vitenzi vinavyopanda, bali vinavyoshuka. Iko lugha ya chini, iitwayo banmal, ambayo ni tamu kati ya marafiki na ndugu. Lakini mteja akimtupia lugha hiyo mtumishi wa duka asiyemjua, ni dharau, na kila aliye karibu huisikia. Anayetupiwa hawezi kumrudishia kwa namna ile ile bila yeye kuonekana mkosefu wa adabu.

Wakorea wenyewe waliliona jambo hili. Bang Jeong-hwan, mwandishi wa watoto aliyefariki mwaka 1931, alilieneza neno eorini, ambalo ni neno la heshima kwa mtoto. Katika sikukuu ya watoto ya mwaka 1923, nchi ikiwa chini ya Wajapani, watu wazima waliombwa kwa maandishi wawasemeshe watoto kwa lugha ya heshima, tena kwa upole. Hebu fikiri: baba mwenye ndevu amsemeshe mtoto wa miaka sita kama anavyomsemesha mkubwa wake! Hawakuomba vitenzi vya heshima vifutwe ili wote wawe sawa. Waliomba vielekezwe chini pia.

Kwetu ingekuwaje? Shikamoo hupanda tu, na marahaba ndiyo inayoshuka. Msichana wa kazi huambiwa "we, lete maji" katika nyumba ambamo mgeni huambiwa "karibu, tafadhali", na sarufi yetu haimkatazi mtu lolote kati ya hayo mawili. Yaani sisi hatuna hata kisingizio cha Mkorea.

Katika kitabu changu cha masomo yako mazungumzo ya dukani. Mnunuzi ni mzee, mwuzaji ni kijana, wala hawajuani, nao wote wawili wanatumia lugha ya heshima mwanzo hadi mwisho. Mzee akitaka maji husema mul juseyo, "nipe maji", na ile "tafadhali" imo ndani ya kitenzi, haing'oki. Ndilo neno nililolikariri kabla ya mengine.