Ruhusa Itolewe Mtoto Akiwa Mzima

Wajukuu zangu mnaolea hapa Majengo, baridi ya Songea ya Juni na Julai mnaijua. Madirisha yanafungwa, jiko la mkaa linaingizwa chumbani, na mtoto wa mwezi mmoja analala ndani ya moshi ule. Litoeni jiko. Moshi hudhoofisha kifua cha mtoto, na nimonia hupata njia.

Kichanga wa chini ya miezi miwili msimngojee akohoe. Hata homa huenda isije. Wengine hupoa mwili. Tazameni kama anakataa ziwa, amelegea, anaguna kila akitoa pumzi, au kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta hewa. Ukiona hata moja, ondoka. Ukiwa na shaka, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Zikifika 60, hesabu tena. Zikirudia kufika, ondoka. Midomo ikiwa ya bluu, usihesabu chochote.

Mtoto aliyefika hapo anahitaji oksijeni na sindano za antibiotiki, pengine na mashine ya kumsaidia kupumua. Hayo hayapatikani duka la dawa, wala kwa mkata vimeo. Nendeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ipo mjini humu humu.

Kinachotuchelewesha sana ni ruhusa. Mama ameshaona, lakini anamngoja mume arudi, mkwe aseme ni upepo tu, shangazi alete mizizi. Wewe baba kijana, sema leo, mama yako akisikia: "Ukiona dalili, nenda. Usinipigie kuomba, nipigie kunijulisha." Nauli ya bajaji iwekwe pamoja na kadi ya kliniki, isiguswe kwa sukari wala vocha. Njiani mtoto akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja.

Chanjo ya nimonia, tunayopata nchini tangu 2013, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Msiikose hata moja. Kabla ya hapo kinga ya mtoto ni maziwa ya mama pekee, mikono safi na chumba kisicho na moshi.

Mkifika mkaambiwa ni mafua tu, rudini bila aibu. Na sisi wazee tukiwacheka kwa kuwahi, msitusikilize.