Ndiyo na Siyo kwa Pamoja

Somo: 2 Wakorintho 1:15-24



Mwezi uliopita, katika mafundisho ya Biblia baada ya Sala ya Jioni, kijana mmoja wa mtaa wetu alisimama akasema kwamba kanuni za mantiki ni mali ya Wazungu. Wao, alisema, hawakubali jambo liwe kweli na lisiwe kweli kwa pamoja. Sisi Waafrika tunaweza, na imani yetu vilevile. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza, wala si kwa hekima. Nilinyamaza kwa kuwa kwa miaka mingi nilifundisha jambo la jamaa moja na hilo katika chuo cha ualimu.

Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi habari za Alexander Luria, Mrusi, aliyewahoji wakulima wasiojua kusoma huko Uzbekistan mwaka 1931 na 1932. Aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe. (Dubu ni yule mnyama ambaye Daudi alimwua, kama alivyomwua simba.) Akawaambia tena kwamba Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, penye theluji. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi hawakutaka kujibu. Mkulima mmoja alieleza kwamba aliyeona ndiye awezaye kusema, na yeye hakuona. Nami nikawaambia wanafunzi: mnaona, asiyekwenda shule hafikiri kwa mantiki.

Siku moja mwanafunzi, binti wa wakulima, akauliza, "Mwalimu, huyu mkulima amekosea wapi?" Nikamwambia aketi, kipindi kinakwisha.

Hakukosea. Yapangeni maneno yake: asiyeona hasemi, mimi sijaona, basi mimi sisemi. Hiyo ni hoja kamili, imejengwa sawasawa na zile ambazo Aristotle aliwafundisha Wayunani zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alichokataa si mantiki. Alikataa kumsadiki mgeni juu ya nchi ambayo hakuifika. Tena alikuwapo pale kijana mwingine wa Uzbekistan aliyesema kwamba kwa maneno ya huyo mgeni, dubu wa huko ni weupe. Mmoja alikipokea kile alichoambiwa, mwenziwe hakukipokea. Njia ya kufikiri ni moja.

Kijana wetu alidhani anautetea Uafrika. Kumbe wazo lile aliliandika Mfaransa, Lucien Lévy-Bruhl, mwaka 1910, katika kitabu juu ya watu aliowaita wa jamii duni; halikuandikwa kutusifu. Hata yeye mwenyewe alilirudi kabla ya kufa mwaka 1939, katika madaftari yaliyochapwa mwaka 1949.

Au watazameni Wazande, ambao nchi yao imegawanyika kati ya Kongo, Sudan Kusini na Afrika ya Kati. Mwingereza Evans-Pritchard aliandika mwaka 1937 jinsi walivyokuwa wakipiga ramli kwa kumlisha kuku sumu. Kuku wa kwanza akifa, humlisha wa pili na kuligeuza swali, ili jibu likiwa lilelile huyu apone. Wakifa wote wawili, au wakipona wote wawili, jawabu limebatilika. Sisi Wakristo hatuna sehemu katika ramli. Lakini ni nani aliyewafundisha Wazande kwamba ndiyo na siyo haziwezi kusimama pamoja? Si Aristotle.

(Wako wanahesabu, tangu Brouwer wa Uholanzi mwaka 1908, wanaobishana juu ya kanuni nyingine za mantiki. Wabishane, nao hubishana kwa hoja.)

Sasa turudi kwa Paulo. Alikuwa amekusudia kwenda Korintho, asiende, na ikambidi ajitetee kwamba ndiyo yake haikuwa siyo. Myahudi huyu wa Tarso angaliweza kuwaambia, hiyo ni mantiki yenu Wayunani, kwetu ni vingine. Hakusema hivyo. Alikubali kupimwa kwa kipimo chao, kwa maana kilikuwa chake pia. Akaeleza sababu, kwamba alitaka kuwahurumia, kisha akaliegemeza neno lake kwa Mungu aliye mwaminifu.

Fikirini habari za mjane. Shemeji zake wamemwambia mbele ya watu kwamba shamba la marehemu ni lake. Mavuno yakifika wanasema si lake. Akiwauliza, nao wakimjibu kwamba kwa desturi zetu maneno yote mawili ni kweli, atashika nini? Hana nguvu, wala fedha za wakili. Analo lile neno lao tu. Kanuni hii ikiondolewa, mwenye nguvu hapungukiwi na kitu.

Mtauliza, na Utatu je? Imani ya Athanasio katika Kitabu cha Sala cha 1662 ni ndefu, nami nakiri niliwahi kusinzia ikisomwa. Lakini haisemi kwamba Nafsi ni tatu na Nafsi ni moja. Husema Nafsi tatu, Mungu mmoja. Siri hiyo yaipita akili yetu, haijipingi yenyewe.

Kijana yule nimemwomba aje nyumbani Jumatano tuisome sura hii pamoja, naye amekubali, ingawa ameniambia mapema kwamba hatashindwa kwa urahisi. Yule binti sijui yuko wapi. Huenda sasa ni mwalimu mkuu mahali fulani. Swali lake lilikuwa swali zuri, na kipindi kilikuwa bado kina dakika kumi.