Je, Kura Iliyowindwa Ni Kura Huru?

Msomaji awaze mji mmoja kando ya ziwa, ambao watu wake wanataka kumchagua mkubwa wao. Watu wawili wanaomba kuchaguliwa. Wa kwanza anasimama barazani mchana, chini ya mwembe, na kutaja mbele ya wote mambo atakayoyafanya. Wavuvi wanamsikia, wakulima wanamsikia, wanawake wa sokoni wanamsikia, hata adui zake wanamsikia. Akidanganya, mzee yeyote aweza kusimama na kumkanusha mbele ya watu. Ndiyo maana wahenga walisema: penye wazee hapaharibiki neno.

Wa pili hasimami barazani. Anatuma wajumbe usiku, nyumba kwa nyumba. Wajumbe hao wamekwisha kupeleleza: wanajua nani ana deni, nani amefiwa, nani anamwogopa jirani wa kabila jingine. Mvuvi anaambiwa kwamba wakulima watamnyang'anya pwani. Mkulima anaambiwa kwamba wavuvi watamnyang'anya mashamba. Kila mmoja anapewa neno lake kwa sauti ndogo, wala hajui jirani yake ameambiwa nini. Kulipokucha wote wanakwenda kupiga kura. Hakuna aliyeshikwa mkono, hakuna aliyepigwa fimbo.

Je, watu hao wamechagua kwa hiari yao?

Zamani swali hilo lilikuwa la mfano tu, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na wajumbe wa kutosha kuingia katika kila nyumba ya nchi. Leo wajumbe hao wapo. Wanakaa mfukoni mwa kila mwenye simu.

*Namna siri za watu zinavyokusanywa*

Mtandao unaoitwa Facebook ulianzishwa mwaka 2004 katika chuo kikuu cha Harvard, nchini Marekani. Mwenye kuutumia halipi kitu. Faida ya kampuni hutoka kwa wenye matangazo, ambao hulipa ili maneno yao yawafikie watu fulani na si wengine. Lakini hakuna awezaye kuchagua watu pasipo kuwajua. Kwa hiyo yote yanaandikwa: picha aliyoipenda mtu, saa aliyofungua simu, mahali alipokuwa, rafiki anaosema nao. Jambo moja peke yake ni kama punje ya mchanga. Mambo hayo yakikusanywa kutoka kwa watu milioni nyingi na kuhesabiwa kwa kompyuta, huwa maarifa makubwa.

Mwaka 2015 wataalamu wa vyuo vikuu vya Cambridge na Stanford walitangaza utafiti uliofanywa kwa watu zaidi ya 86,000. Walionyesha kwamba kompyuta, ikipewa alama 10 tu za mambo aliyoyapenda mtu, hukisia tabia yake vizuri kuliko mwenzake wa kazini. Ikipewa alama 300, humkisia kwa kiasi cha mume wake au mke wake. Huko ni kukisia, si kuuona moyo. Hata hivyo, mwindaji hahitaji kumjua swala kama swala anavyojijua. Yamtosha kujua njia anayopita kwenda majini.

*Habari ya Cambridge Analytica*

Mwaka 2014 mwalimu mmoja wa Cambridge, Aleksandr Kogan, alitengeneza programu ya maswali juu ya tabia za watu. Watu wapatao 270,000 waliikubali, wakidhani kwamba inasaidia elimu. Lakini programu hiyo ilichukua pia habari za rafiki zao, ambao hawakuulizwa neno. Facebook yenyewe ilikadiria baadaye kwamba watu waliochukuliwa habari zao waweza kufika milioni 87. Habari hizo zikapewa kampuni ya Cambridge Analytica, ambayo ilikuwa ikiwatumikia wanasiasa wa Marekani, akiwamo Donald Trump katika uchaguzi wa mwaka 2016.

Facebook ilipata kulijua jambo hilo mwaka 2015. Ikaagiza habari zile zifutwe, lakini wenyewe walioibiwa hawakuambiwa. Mwezi wa Machi 2018 Christopher Wylie, aliyekuwa amefanya kazi pamoja na kampuni ile, akaifunua habari yote katika magazeti ya Uingereza na Marekani. Mwezi wa Aprili mkuu wa Facebook, Mark Zuckerberg, aliitwa kujibu mbele ya wabunge wa Marekani. Mwezi wa Mei Cambridge Analytica ikafungwa. Mwaka 2019 Facebook ikatozwa faini ya dola bilioni 5.

Afrika pia haikuachwa kando. Mwaka huo huo wa 2018, mkubwa mmoja wa kampuni hiyo alinaswa na kamera ya siri ya televisheni ya Uingereza akijisifu kwamba wao ndio walioendesha kampeni za Uhuru Kenyatta nchini Kenya mwaka 2013 na 2017. Msomaji asiyaamini yote anayojisifia mfanyabiashara. Lakini jambo moja lilionekana na wote: mwaka 2017 zilitembea katika simu za Wakenya sinema fupi zisizo na jina la mwenye kuzitengeneza, zikionyesha kwamba Raila Odinga akishinda nchi itaangukia njaa na mauaji. Walioziona walitiwa hofu, wala hawakujua ni nani aliyewatia.

*Je, kushawishi ni vibaya?*

Sharti kupambanua hapa, kwa maana wengine hukimbilia kulaumu yote. Kushawishi si vibaya. Baba humshawishi mtoto aende shule. Mganga humshawishi mgonjwa anywe dawa. Mwanasiasa naye ana haki ya kutaka watu wamfuate, tena yampasa kuyajua mahitaji yao, kwani atawasaidiaje asiowajua?

Ubaya huingia kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni maarifa yaliyoibwa. Siri ya mtu ni mali yake. Aichukuaye bila ruhusa ni mwizi, hata kama hakuacha alama ya miguu. Mlango wa pili ni uso uliofichwa. Asemaye na mwenzake huku akijificha hataki kujibiwa, naye asiyetaka kujibiwa hamheshimu msikiaji kuwa mtu mwenye akili. Mlango wa tatu ni neno lililogawanywa. Mwenye kumwambia mvuvi hili, na mkulima kinyume chake, hatafuti shauri la pamoja. Anavunja baraza ili kila mtu abaki peke yake na hofu yake.

Watu wa Maziwa Makuu wanajua nguvu ya neno baya. Katika Rwanda, mwaka 1994, redio RTLM ilichochea mauaji ya kimbari. Redio ile ilikuwa mbaya kupita kiasi, lakini ilisikiwa na wote, na maneno yake yaliweza kuandikwa na kuletwa mbele ya hakimu. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili. Na ingawa rufani ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu, maneno yenyewe yalikuwa yamekwisha kuwa ushahidi. Neno linalonong'onwa kwa kila mtu katika simu yake, kisha likafutwa, litaletwa na shahidi gani?

*Wengine wanasema: hila hizo hazina nguvu*

Neno hilo lina ukweli ndani yake. Mwaka 2020 afisa mkuu wa Uingereza mwenye kulinda habari za watu, baada ya kuichunguza Cambridge Analytica, aliandika kwamba sehemu kubwa ya njia zake zilikuwa za kawaida, zinazojulikana na wengi, na kwamba hata ndani ya kampuni walikuwapo waliozitilia shaka. Basi hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyomweka fulani katika kiti.

Lakini ubaya wa tendo haupimwi kwa mafanikio yake tu. Mwizi aliyevunja mlango akakuta sanduku tupu ni mwizi. Tena kuna jambo jingine. Tarehe 2 Novemba 2010, siku ya uchaguzi wa wabunge wa Marekani, Facebook ilionyesha ujumbe wa kuwakumbusha watu milioni 61 wapige kura, pamoja na picha za rafiki zao waliokwisha kupiga. Utafiti uliotangazwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba ujumbe huo uliongeza kura zipatazo 340,000. Kukumbusha watu wajibu wao ni jambo jema. Lakini awezaye kuwaamsha waliolala aweza pia kuamua nani aamshwe na nani aachwe alale. Uwezo wa namna hiyo, ukiwa mikononi mwa mtu asiyechaguliwa na yeyote, wahitaji kutazamwa.

*Kosa la msikiaji*

Mwenye kudanganywa hupenda kujiona hana kosa lo lote. Mwaka 2018 wataalamu wa chuo cha MIT walichunguza habari zipatazo 126,000 zilizoenezwa katika mtandao wa Twitter tangu 2006 mpaka 2017. Waliona kwamba habari ya uwongo ilielekea kurudiwa na watu kuliko ya kweli kwa sehemu 70 juu ya 100. Habari ya kweli ilihitaji muda wa mara sita hivi kuwafikia watu 1,500. Tena waliona kwamba mashine zilieneza kweli na uwongo kwa kadiri moja. Waliopendelea uwongo ni watu wenyewe, kwa sababu uwongo ulikuwa mpya na wa kushangaza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwindaji anatega mtego, ndiyo. Lakini chambo kinachowekwa ndani ni hasira ya mtu mwenyewe, chuki yake, na tamaa yake ya kuwa wa kwanza kupeleka habari. Anayepokea neno la kumchafua jirani, na kulipeleka kwa rafiki ishirini kabla ya kuuliza kama ni kweli, amekuwa mjumbe wa usiku pasipo mshahara.

*Dawa isiyo dawa*

Wako watawala wanaosema: ikiwa mitandao yaleta uwongo, na ifungwe. Kongo imeionja dawa hiyo. Watu walipiga kura tarehe 30 Desemba 2018; kesho yake intaneti na ujumbe wa simu vikakatwa nchini, wakubwa wakisema kwamba wanazuia matokeo ya uwongo yasienee. Havikurudi mpaka karibu tarehe 20 Januari 2019. Wakati huo Baraza la Maaskofu lilikuwa limetuma waangalizi wapatao 40,000 katika vituo vya kura. Tume ya uchaguzi ilipotangaza matokeo tarehe 10 Januari, maaskofu walisema kwamba hayapatani na yale yaliyokusanywa na waangalizi wao. Raia wa kawaida, aliyeona kwa macho yake karatasi ya hesabu imebandikwa mlangoni mwa kituo, hakuwa na njia ya kumwonyesha mwenzake wa mji wa mbali.

Basi mambo haya mawili yaonekane jinsi yanavyofanana. Mmoja anajaza masikio ya watu kwa maneno mengi mpaka wasiijue kweli. Mwingine anayaziba masikio yao mpaka wasiisikie. Wote wawili wanaogopa kitu kimoja, yaani baraza la watu wanaosema wazi na kujibizana. Uwongo hauponywi kwa kukata ndimi. Huponywa kwa neno la kweli lenye mashahidi.

Dawa iliyo bora ni sheria inayomfunga mwenye nguvu. Ulaya ilianza kuitumia sheria yake ya kulinda habari za watu tarehe 25 Mei 2018. Kenya ilitunga yake mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022, na Kongo ilipata kanuni yake ya mambo ya kidijiti mwaka 2023. Lakini sheria ni ua tu: hailimi shamba, wala haimfundishi mtu kupenda kweli.

*Maswali ya kukumbuka*

Swali: Watu wa mji ule kando ya ziwa walichagua kwa hiari?
Jibu: Mikono yao ilikuwa huru, lakini akili zao zilikuwa zimezungushiwa wavu. Hiari kamili yataka mtu ajue anachokichagua, na ajue ni nani anayesema naye.

Swali: Kosa ni la nani?
Jibu: Kosa kubwa ni la aliyetuma wajumbe wa usiku, na la aliyemwuzia siri za watu. Lakini anayo sehemu yake yule aliyeupokea uwongo kwa furaha kwa sababu ulimhusu mtu asiyempenda.

Swali: Raia mwenye dhamiri afanye nini kabla ya kura?
Jibu: Akipokea neno, aulize: ni nani aliyelisema? Mbona amenipelekea mimi? Je, angethubutu kulisema mbele ya jirani yangu? Kisha alipeleke neno hilo barazani, alisome mbele ya wengine, mvuvi na mkulima wakiwa pamoja. Neno la kweli litavumilia jua la mchana. Na mvuvi akisikia jinsi mkulima naye alivyotiwa hofu usiku ule ule, wote wawili watajua mara moja ni nani aliyekuwa akiwawinda.