JE, YAFAA KUMDANGANYA MGONJWA?

Katika mwaka 2018 ilitoka nchini Kenya sinema iitwayo Supa Modo, iliyoongozwa na Bwana Likarion Wainaina. Yasimulia habari za nyumba ya mama mmoja na binti zake wawili. Mdogo, jina lake Jo, mwenye umri wa miaka tisa, ana ugonjwa usiopona, naye arudishwa nyumbani kutoka hospitali ili amalizie siku zake. Mama ataka akae ndani apumzike. Dada yake, Mwix, aona kwamba huko ni kumzika mtoto angali hai. Na kwa kuwa Jo awapenda mno mashujaa wa sinema, Mwix amfanya aamini kwamba naye ana nguvu za ajabu, na majirani wasaidia kuigiza. Basi nyumba yaingia mfarakano, si kwa chuki, bali kwa sababu wawili wampenda mmoja kwa njia mbili.

Je, ni halali kumdanganya anayekufa ili afurahi? Mtakatifu Augustino alilikabili swali la namna hii yapata mwaka 420, katika kitabu chake Dhidi ya Uongo. Alitoa mfano wa mgonjwa mahututi aulizaye habari za mwanawe, kumbe mwana amekwisha kufa, na kuambiwa kweli kwaweza kumwua. Augustino alikiri kwamba mfano huo ulimtikisa moyo, lakini hakuuhalalisha uongo. Nasi twakubaliana naye. Mtoto si mjinga; akitambua kwamba wote wamdanganya, atabaki peke yake na hofu yake, asiwe na wa kumwuliza.

Hata hivyo tusimhukumu Mwix upesi. Baadaye kijiji kizima chashirikiana kutengeneza sinema ambayo Jo mwenyewe ndiye shujaa wake. Hapo hapana uongo, kwa maana mchezo ambao wote wajua kuwa ni mchezo haumdanganyi mtu. Hapo pana ujirani mwema.

Huku Ushongo, ngalawa ikichelewa kurudi, hatumwachi mke wa mvuvi akae peke yake. Waislamu kwa Wakristo twangoja naye pwani. Mbona basi ugonjwa usio na tiba ukiingia nyumbani, twafunga mlango na kunong'ona? Twamwambia mgonjwa, "Kesho utapona," kisha twatoka uani kulia. Uongo huo twausema zaidi kwa kujikinga sisi wenyewe kuliko kumkinga yeye.

Yatupasa kutenda vingine. Mgonjwa akiuliza, ajibiwe kweli kwa upole, kwa kadiri awezavyo kuipokea, asipouliza, asilazimishwe. Padre aitwe mapema, wakati mgonjwa angali aweza kusema naye. Na akiwa ni mtoto, wenzake waruhusiwe kuja kucheza naye. Mama yake Jo hakupungukiwa na upendo. Alipungukiwa na watu wa kumsaidia kuubeba mzigo wake. Ndugu wasomaji, watu hao ni sisi.