VIUNGO VYETU NI MASHAHIDI WETU

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu Waislamu,

Katika maradhi yaliyotuenea ni kughafilika na miili yetu wenyewe. Mtu huamka, akala, akasema, akauza na kununua hata jua likatua, wala asijue mkono wake umetenda nini, wala ulimi wake umemsengenya nani. Nayo Sura ya Yasin yatueleza kuwa Siku ya Kiyama vinywa vitatiwa muhuri, mikono iseme na miguu ishuhudie. Basi shahidi twatembea naye mchana kutwa, na hatumwangalii!

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alihesabu katika Bidayatul-Hidaya viungo saba vya kuchungwa: jicho, sikio, ulimi, tumbo, utupu, mkono na mguu. Wako wadhanio kuwa kuchunga huku ni kazi ya mawalii waliojitenga na watu. Sivyo. Kila Muislamu amepewa mafunzo yake mara tano kwa siku.

Tazama udhu. Uoshapo mkono, uulize: tangu Sala iliyopita umeshika nini? Uoshapo mguu, uulize: umekwenda wapi? Kisha tazama Sala. Rakaa 17 za faradhi zina sijida 34, na kila sijida ina viungo saba: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, na ncha za miguu miwili. Lakini sisi twadonoa kama kunguru. Mwili uko msikitini, moyo uko dukani. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira habari ya mtu aliyesali pasi na utulivu, Mtume (s.a.w.) akamrudisha mara tatu, kisha akamfundisha kutulia katika kila kitendo.

Na la ajabu zaidi: twafunga hirizi mkononi ili mkono uhifadhike, na kwa mkono uo huo twapunja mizani! Mkono hauhifadhiki kwa uzi na karatasi. Huhifadhika kwa kumtegemea Mwenyezi Mungu na kuuzuia na haramu.

Najionya nafsi yangu kabla yenu. Tuanze leo kwa kiungo kimoja, na kabla ya kulala tukifanyie hesabu: kwa kheri tushukuru, kwa shari tutubu, na haki ya mtu tuirudishe.

Ewe Mola, vijaalie viungo vyetu vitushuhudie kwa kheri. Amin.